Mgonjwa Alikuwa Amelala, Jamani

Mwaka wa pili wote niliogopa kulala. Usiku napiga kelele, najikunja. Asubuhi ulimi una kidonda, shuka limelowa, na mwenyewe sikumbuki kitu. Zahanati ya chuo wakaniambia ni presha ya UE. Nyumbani wakasema jinamizi, shangazi akaongeza mapepo. Bumu lote likaishia kwenye kipimo cha umeme wa ubongo: majibu safi. Nikarudi hosteli najiona mwongo.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa chumbani. Usiku mmoja alinigeuza ubavu, akawasha simu, akarekodi. Daktari aliangalia ile video mara mbili, akauliza mkono upi ulianza, akasema ni kifafa cha usingizini. Kipimo kikiwa safi haimaanishi huna. Mashine inaona yanayotokea ukiwa umevaa nyaya tu.

Ndo maana nasema zahanati yetu iache kumhoji mgonjwa peke yake. Imwite na anayelala kitanda cha juu. Na wewe wa kitanda cha juu, usimtie mwenzio kijiko mdomoni. Hesabu dakika, zikizidi 5, mkimbizeni hospitali.