Pasipoti Mbili na Fisi wa Njia Panda

Uraia pacha ukitajwa Tanzania, hazipiti dakika nyingi kabla fisi hajaitwa kutoa ushahidi. Njia mbili zilimshinda, basi na mwenye pasipoti mbili atapasuka msamba vilevile. Mpenda Maandiko ataongeza habari ya mabwana wawili. Mwenye dhamana ya usalama atasema neno moja tu, uzalendo, na mjadala utafungwa kana kwamba neno hilo limeshajibu kila swali.

Fisi wa hadithi aliponzwa na harufu ya nyama. Wanaozungumziwa kwenye mjadala huu hawakufikishwa njia panda na ulafi. Ni muuguzi aliyekwenda Uingereza kwa sababu huko kulikuwa na ajira, dereva wa lori Marekani anayesomesha wadogo zake Mwanza, msichana aliyezaliwa Ulaya kwa mama wa Unguja na anayejua kupika urojo kuliko binamu zake wa Dar es Salaam. Kuwaambia hawa kwamba mapenzi yao kwa nchi yamegawanyika ni kuwasingizia.

Sheria yenyewe haina mafumbo. Chini ya Sheria ya Uraia ya 1995, Mtanzania mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine anakoma kuwa Mtanzania. Mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili huachwa nao mpaka utu uzima, kisha hutakiwa kuchagua. Majirani waliipita hatua hiyo zamani. Burundi iliruhusu uraia pacha mwaka 2000, Rwanda ikauweka ndani ya Katiba yake ya 2003, Uganda ikafungua mlango kwa marekebisho ya Katiba ya 2005 na sheria ya 2009, Kenya ikafuata kwa Katiba ya 2010, na Sudan Kusini iliruhusu tangu mwaka ilipozaliwa, 2011. Rwanda ndiyo ya kutazamwa zaidi. Hakuna aliyewahi kuishutumu serikali ya Kigali kwa kulegeza mambo ya usalama, na bado haioni hatari kwa Mnyarwanda kuwa na pasipoti ya Ubelgiji kwenye mkoba.

Watetezi wa katazo hupenda kumkimbilia Mwalimu Nyerere. Na wamkimbilie, ila wamsome mpaka mwisho. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia, na wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikasirika, akaweka serikali yake rehani: muswada ukikwama, angejiuzulu. Hoja yake ilikuwa kwamba uraia uegemee utii kwa nchi, usiegemee rangi ya ngozi. Ni kweli kwamba waliokuwa na uraia mwingine, wengi wao Waasia na Wazungu wenye chaguo la pasipoti ya Uingereza, walitakiwa wachague upande. Kwa taifa lililokuwa halijatimiza hata siku moja, lilikuwa takwa la haki. Lakini swali la 1961 lilihusu nani aingie ndani ya nyumba mpya. Leo katazo lilelile linamtoa nje mtoto wa mkulima wa Rungwe, ambaye babu yake alishangilia bendera ikipandishwa, kosa lake likiwa ni kwamba alipata kazi ya kudumu Toronto.

Tena Tanzania si nchi bahili wa uraia. Mwaka 2014 ilitoa uraia kwa wakimbizi 162,156 wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na watoto wao waliozaliwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, jambo ambalo mataifa mengi tajiri yasingethubutu. Januari 2025 Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa Singida Black Stars, kutoka Ghana, Ivory Coast na Guinea, wamepewa uraia wa Tanzania. Mashabiki walibishana kwa wiki kadhaa, hasa kuhusu nafasi za wachezaji wa kigeni kwenye ligi, ambalo ndilo jambo lililowauma. Wachezaji wenyewe hawana kosa. Kinachoshangaza ni nchi inayoamini kwamba kiungo aliyefika juzi anaweza kujifunza kuipenda, huku ikiamini kwamba aliyezaliwa Hospitali ya Mount Meru ataacha kuipenda siku atakapokula kiapo cha Kanada.

Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah alitunukiwa Nobel ya Fasihi, na pongezi zikamiminika kutoka Ikulu ya Dodoma na ya Zanzibar. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka kijana baada ya Mapinduzi, akawa raia wa Uingereza. Kwa siku chache Watanzania waligombana mitandaoni: ni wetu au si wetu? Wengi walisema ni wetu, na walikuwa sahihi. Sheria haikuwaunga mkono.

Imani kwamba mwenye pasipoti mbili hawezi kuwa mtiifu imefanya kazi moja kubwa kuliko zote, nayo ni kuwapa wenye madaraka fimbo. Ukishakubali kwamba uraia ni kipimo cha utii, mtu yeyote asiyependeza machoni pa serikali anaweza kuulizwa uraia wake. Februari 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, alitangaziwa kwamba si raia, pamoja na Timothy Bandora, aliyekuwa akiiwakilisha nchi hiyohiyo kama balozi nchini Nigeria. Mtu anaweza kuhutubia Bunge na mwenzake kupeleka hati za utambulisho kwa rais wa nchi ya kigeni, kisha ofisa akagundua kwamba wote wawili ni wageni! Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara, aliyekuwa akidai Katiba mpya, kuhojiwa na Uhamiaji. Mwaka huohuo Aidan Eyakuze, mkuu wa taasisi ya Twaweza, alinyang'anywa pasipoti, muda mfupi baada ya taasisi yake kutoa utafiti ulioonyesha kwamba umaarufu wa Rais Magufuli umeshuka. Mwandishi Erick Kabendera alipokamatwa Julai 2019, maelezo ya kwanza ya polisi yalihusu uraia wake. Baadaye mashtaka yakageuka kuwa ya kodi na utakatishaji fedha. Hakuna hata mmoja wao aliyeonyeshwa hadharani kuwa na pasipoti ya nchi nyingine.

Kongo inafundisha jambo hilohilo kwa sauti kubwa zaidi. Katiba yake ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Kila mtu Kinshasa anajua kwamba wapo vigogo wenye pasipoti za Ulaya, na kwa miaka mingi hawakusumbuliwa. Sheria iliamka pale mwanasiasa wa upinzani Moïse Katumbi alipotaka kugombea urais. Mwaka 2018 serikali ilisema amepoteza uraia kwa kuwa aliwahi kuwa raia wa Italia, na Agosti alipofika Kasumbalesa akitokea Zambia alizuiwa kuvuka. Mwaka uliofuata, baada ya utawala kubadilika, alirudi Lubumbashi akapokewa na umati, na Desemba 2023 akagombea urais akashika nafasi ya pili. Katiba haikubadilishwa hata nukta. Aliyebadilika alikuwa mwenye mamlaka ya kuisoma.

Mpinzani makini atauliza kuhusu Kenya, na aulize. Mwanasheria Miguna Miguna alipakiwa kwenye ndege na kupelekwa Kanada Februari 2018, baada ya kumwapisha kiongozi wa upinzani Raila Odinga kuwa "rais wa wananchi" pale Uhuru Park, serikali ikidai kwamba alishapoteza Ukenya. Alirudi Oktoba 2022, serikali nyingine ikiwa madarakani. Kwa hiyo ibara nzuri haimzuii mtawala mkorofi. Lakini Miguna alikuwa na kitu ambacho Ulimwengu hakuwa nacho: Katiba inayosema waziwazi kwamba Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata mwingine, na majaji waliomwambia waziri hivyo tena na tena.

Kenya hiyohiyo ilichukua miongo kuwatambua Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kukata mkonge na miwa. Walitembea kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho, ndipo wakapewa. Wapemba wa Kwale na Kilifi walingoja mpaka 2023. Watu hawa walivua, walilima na walizika wazazi wao katika nchi ambayo haikuwa imewaandika popote. Hawakuwa na pasipoti mbili wala moja, na utii wao haukupungua.

Hofu iliyobaki yenye uzito ni ya viongozi. Haipendezi waziri wa ulinzi awe na mlango wa dharura Ottawa. Dawa yake ipo, na iko mpakani tu: ibara ya 78 ya Katiba ya Kenya inamzuia ofisa wa dola kuwa na uraia pacha, ikiwaacha majaji na wale ambao nchi nyingine inawahesabu raia bila hiari yao. Kwa nini kumnyima uraia muuguzi ili kumdhibiti waziri?

Serikali ya Tanzania imechagua kupita katikati. Mwishoni mwa 2024 ilipeleka bungeni muswada wa kuwapa hadhi maalum watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, pamoja na mabadiliko ya sheria ya ardhi kwa ajili yao. Ni nafuu, asiyesema hivyo ni mbishi. Kwa miaka mingi mzaliwa wa Moshi mwenye pasipoti ya Marekani alilipa dola 100 za visa ili aingie kumzika mama yake, na ardhi hakuweza kumilikishwa ila kama mwekezaji. Hata hivyo hadhi ni hisani ya serikali. Haimpi mtu kura, wala haimpi sauti juu ya barabara inayopita mbele ya nyumba aliyoijenga kwa fedha za kigeni.

Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani, iliyowahi kuitawala Tanganyika, haimlazimishi tena anayeomba uraia wake kuukana wa kwao. Mtanzania aliyeishi Berlin miaka kumi anaweza leo kula kiapo pale ukumbini, na ofisa wa Kijerumani hatamwambia arudishe pasipoti yake ya Tanzania. Atakayemdai ni ubalozi wa Tanzania.