Mashauri ya Juma Hili: Maneno ya Kazi ya Vitabu

Mkulima mmoja wa Mathira, ambaye zamani alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, ameniletea barua ndefu yenye swali moja. Kwa muda wa miaka sita ameandika habari za ukoo wake na za vijiji vya upande wa Karatina. Sasa amepewa karatasi ya mapatano, naye ataka kujua kama inafaa atie sahihi. Asema, "Bwana Mhariri, Kiswahili nakijua, lakini maneno ya karatasi hii yamenishinda." Najua wako wengi walio kama yeye, basi nimeona yafaa nimjibu hapa mbele ya wasomaji wote.

Neno la kwanza ni mswada. Haya ni maandishi ya mwandishi kabla hayajapigwa chapa, yawe ya mkono, ya taipu au ya kompyuta. Mswada ni kama kahawa mbivu ndani ya kikapu: ni mali, lakini bado haijafika sokoni. Weka nakala nyumbani, wala usimpe mtu yeyote ile moja tu uliyo nayo.

Mhariri ni yule ausomaye mswada, akasahihisha lugha, akaondoa yaliyorudiwa na kuuliza penye shaka. Usimkasirikie. Hata kiwandani kahawa mbichi hutengwa na mbivu, na mkulima mwenye akili hashtaki kwa sababu hiyo. Kurasa zikisha kupangwa, mwandishi huletewa prufu, yaani kurasa za majaribio, ili atafute makosa ya mwisho. Hapo si mahali pa kuandika kitabu upya.

Sasa nafika kwenye maneno mawili yanayowapotosha wengi: mpiga chapa na mchapishaji. Mpiga chapa ni mwenye mtambo. Unamlipa, anakukabidhi vitabu, na kazi yake imekwisha. Mchapishaji ndiye atoaye fedha zake mwenyewe kumlipa mhariri na mpiga chapa, kisha akatafuta wanunuzi, na kitabu kisiponunuliwa hasara ni yake. Kwa hivi, mtu akijiita mchapishaji huku akikutaka ulipe gharama zote, fahamu ya kuwa mchapishaji ni wewe. Vitabu ni vyako na faida ni yako.

Mtu mmoja anaweza kuzifanya kazi hizi zote. Marehemu Gakaara wa Wanjau, mzaliwa wa Nyeri, alikuwa mwandishi, mchapishaji na mpiga chapa, na mtambo wake ulikuwa papo hapo Karatina. Hata hivyo, shajara yake ya miaka aliyokaa kizuizini tangu mwaka 1952 ilitolewa na kampuni ya Heinemann ya Nairobi mwaka 1983. Mwaka 1984 kitabu hicho kilipata Tuzo ya Noma, pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Basi hata mwenye mtambo wake aliona kuwa kupiga chapa ni jambo moja, na kuchapisha ni jambo jingine.

Neno kubwa kuliko yote ni haki ya kunakili. Hii ni kama hati ya shamba. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2001, kitabu ulichojiandikia mwenyewe, si kwa kazi ya tajiri wako, ni chako tangu kilipotiwa katika maandishi. Haki hiyo hudumu maisha yako yote, na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwako, hata wajukuu waweza kuila. Tena haihamishwi kwa neno la mdomo. Lazima pawe na maandishi yenye sahihi. Ndiyo maana sahihi moja yaweza kuwanyima watoto wako urithi.

Karatasi ya rafiki yetu yasema kwamba "anahamisha haki zote" kwa shilingi 30,000. Huko ni kuuza shamba. Njia nyingine ni kulikodisha: unabaki na haki yako, unampa mchapishaji ruhusa kwa muda maalum, naye anakulipa mrabaha, yaani sehemu ya bei ya kila kitabu kinachonunuliwa. Tuseme bei ni shilingi 400 na mrabaha ni asilimia 10. Vitabu 1,000 vitakuletea shilingi 40,000, na vikinunuliwa zaidi utapata zaidi. Lakini uliza: ni asilimia 10 ya nini? Ikiwa duka linachukua shilingi 120, na mrabaha unahesabiwa kwa 280 zinazobaki, utapata 28,000 tu.

Kweli, kitabu kisiponunuliwa, mrabaha hauleti kitu, na shilingi 30,000 mkononi si za kudharauliwa. Nisemalo ni kwamba muuzaji ajue anauza nini.

Mwisho, usidanganywe na nambari ya ISBN iliyo nyuma ya jalada. Ina tarakimu 13 tangu mwaka 2007, na huwasaidia wauza vitabu na wenye maktaba kukitambua kitabu. Haionyeshi mwenye mali.

Shauri langu kwa rafiki yetu ni hili: asitie sahihi juma hili. Na amwombe mwenye karatasi aandike muda wa ruhusa, kiasi cha mrabaha na siku ya kutoa hesabu kila mwaka. Akikataa kuyaandika, mswada na urudi nyumbani. Hauozi kama kahawa. Yeye aliyekuwa karani anaijua vema methali hii: mali bila daftari hupotea bila habari.