Gemu za kuchezesha mwili: Je, skrini iliyomkalisha mtoto inaweza kumwinua?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KWA miaka mingi lawama za wazazi wa mijini zimeelekezwa mahali pamoja, nako ni kwenye skrini. Televisheni, simu ya mkononi na gemu za video ndivyo vinavyotajwa kuwa vimemwondoa mtoto uwanjani na kumkalisha ndani, akichezesha vidole huku sehemu nyingine yote ya mwili ikiwa imetulia.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 20 sasa wamekuwapo watengenezaji wa gemu, madaktari na walimu katika nchi tajiri wanaodai kuwa dawa ya tatizo hilo inaweza kupatikana huko huko lilikotoka. Wanachopendekeza ni gemu zinazomlazimu mchezaji aruke, apige ngumi hewani, acheze muziki au akimbie pale pale alipo ili picha iliyoko kwenye skrini nayo isogee.

Kwa Dodoma, na hasa kwa kata kama Majengo, ambako nyumba zimesogeleana, soko kubwa liko jirani na wapangaji wengi wanaishi chumba kimoja kimoja, hoja hiyo si ya kupuuzwa wala si ya kupokelewa kwa pupa. Kinachotakiwa ni kuuliza ushahidi unasema nini, na kama unachosema unahusu maisha ya mtoto wa hapa.

Zilikoanzia

Gemu ya kwanza ya aina hii kupata umaarufu mkubwa ilikuwa Dance Dance Revolution, iliyotolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 1998. Mchezaji husimama juu ya mkeka wenye alama za mishale na kukanyaga mshale unaoonyeshwa kwenye skrini kwa kufuata mdundo wa muziki.

Mwaka 2006 jimbo la West Virginia nchini Marekani, ambalo lilikuwa likisumbuliwa na unene wa kupindukia miongoni mwa watoto, lilitangaza mpango wa kuipeleka gemu hiyo katika shule zake zote za umma, zipatazo 765. Mwishoni mwa mwaka huo huo kampuni ya Nintendo ikatoa mashine yake ya Wii, ambayo mchezaji huitumia kwa kuzungusha mkono kana kwamba ameshika raketi ya tenisi.

Novemba 2010 Microsoft nayo ikaleta Kinect, kamera inayosoma mwendo wa mwili mzima bila mchezaji kushika kitu chochote. Julai 2016 ikafuata Pokémon GO, iliyowatoa watu nje wakitembea mitaani na simu mkononi. Kinect iliacha kutengenezwa mwaka 2017, lakini wazo lenyewe halikufa, kwani Nintendo ilitoa gemu nyingine ya mazoezi, Ring Fit Adventure, mwaka 2019.

Kilichoyapa nguvu mawazo hayo ni takwimu za kutisha. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kila siku, kwa nguvu ya kumfanya aheme na kutoka jasho. Uchambuzi wa wataalamu wa shirika hilo, uliotumia taarifa za wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 146, ulionyesha kuwa mwaka 2016 asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango hicho. Kwa wasichana hali ilikuwa mbaya zaidi, asilimia 85, wakati kwa wavulana ilikuwa asilimia 78.

Maabara inasema ndiyo, nyumbani panasema hapana

Ushahidi wa kitaalamu kuhusu gemu hizi umegawanyika katika sehemu mbili, na ni muhimu zisichanganywe.

Sehemu ya kwanza ni ile ya maabara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores cha Uingereza waliwapima vijana wa miaka 13 hadi 15 wakati wakicheza gemu za Wii, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2007. Walibaini kuwa mwili hutumia nguvu nyingi zaidi katika gemu hizo kuliko katika gemu za kukaa, lakini kidogo kuliko ambazo mchezo wenyewe halisi ungetumia. Kwa maneno mengine, tenisi ya kwenye skrini ni bora kuliko kukaa kitako, lakini haijawa tenisi.

Sehemu ya pili ni ile inayotazama kinachotokea mashine inapofikishwa nyumbani na mtoto kuachwa nayo. Mjini Houston, Marekani, watafiti wa Chuo cha Tiba cha Baylor waliwagawia mashine za Wii watoto 78 wa miaka 9 hadi 12. Nusu yao walipewa gemu za kuchezesha mwili na nusu nyingine gemu za kawaida, kisha wote wakavalishwa vifaa vya kupima mwendo kwa vipindi kadhaa katika muda wa takriban miezi mitatu.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliwavunja moyo wengi. Haikuonekana tofauti yoyote kati ya makundi hayo mawili. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba hata kwa familia zilizosema mtaa wao si salama, ambako ilitarajiwa gemu ingechukua nafasi ya kucheza nje, matokeo yalikuwa yale yale.

Utafiti mwingine, uliofanyika New Zealand na kuchapishwa mwaka 2011, uliwahusu watoto 322 wa miaka 10 hadi 14 waliokuwa tayari na uzito uliozidi. Baada ya wiki 24, waliopewa gemu za kuchezesha mwili walikuwa na nafuu ya uwiano wa uzito na urefu kuliko wenzao. Nafuu hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa ndogo mno.

Kwa nini maabara na nyumbani visielewane? Sababu ya kwanza ni kwamba mtoto aliyeruka nusu saa mbele ya televisheni anaweza kufidia kwa kupumzika muda uliobaki wa siku. Sababu ya pili ni ile ambayo wahenga waliijua kabla ya umeme: kipya kinyemi ingawa kidonda. Watumiaji wa Pokémon GO nchini Marekani waliochunguzwa mwaka 2016, ambao walikuwa watu wazima vijana, waliongeza wastani wa hatua 955 kwa siku katika wiki ya kwanza. Kufikia wiki ya sita ongezeko hilo lilikuwa limetoweka.

Je, ni tatizo letu?

Wapo watakaosema kuwa haya ni matatizo ya wenye kushiba, na kwamba nchi ambayo asilimia 30 ya watoto wake wa chini ya miaka mitano walionekana kudumaa katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 haina sababu ya kuhangaikia unene. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika.

Jijini Nairobi, utafiti uliowahusisha watoto 563 wa miaka 9 hadi 11, uliochapishwa mwaka 2014, uligundua kuwa ni asilimia 12.6 tu kati yao waliofikisha zile dakika 60 kila siku, na kwamba mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Hapa nyumbani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walichapisha mwaka 2010 utafiti kuhusu tatizo hilo hilo kwa watoto wa miaka 6 hadi 12 katika manispaa za Dodoma na Morogoro. Kwa hiyo jambo hili lilikwisha kuonekana Dodoma kabla Serikali haijahamia rasmi.

Tangu wakati huo mji umebadilika. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Dodoma ikiwa na watu 410,956. Ile ya mwaka 2022 ikaukuta mji huo, ambao ulitangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018, ukiwa na watu 765,179. Katika jiji hilo moja yupo mtoto anayekwenda shule kwa miguu, anayebeba ndoo ya maji na kumsaidia mama sokoni, na yupo anayechukuliwa mlangoni na basi la shule, kurudishwa mlangoni na kufungiwa geti. Wa kwanza hahitaji mashine ya kumkumbusha kutembea. Wa pili pengine anaihitaji, lakini huyo ndiye aliyefanana zaidi na watoto wa Houston, ambao mashine hazikuwasaidia.

Chumba kimoja, LUKU ya kuchangia

Kwa mtoto wa Majengo kipo kikwazo kingine kilicho wazi zaidi. Microsoft ilishauri mchezaji wa Kinect asimame umbali wa mita 1.8 kutoka kwenye kamera, na wakicheza wawili umbali ufike mita 2.4. Katika chumba chenye kitanda, kabati, ndoo za maji na jiko, mita hizo hazipo. Panapopatikana nafasi, umeme ni wa LUKU inayochangiwa na wapangaji, na si kila mpangaji atakubali uniti ziishe kwa sababu ya mtoto wa jirani kucheza.

Ndiyo maana katika miji mingi ya Tanzania gemu hazichezwi nyumbani bali katika vibanda, ambako watoto hulipia mechi, hukaa kwenye benchi na kushika pedi. Mchezo unaopendwa humo ni mpira wa miguu, lakini ni mpira unaochezwa kwa vidole gumba. Vibanda hivyo ndivyo vinavyowaumiza vichwa wazazi na walimu, na mara nyingi jibu linalotolewa ni kupiga marufuku.

Marufuku nayo ina mipaka. China, yenye uwezo mkubwa wa kusimamia amri zake, iliamua Agosti 2021 kuwa walio chini ya miaka 18 wacheze gemu za mtandaoni saa moja tu kwa siku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Amri ya namna hiyo inaweza kupunguza muda wa gemu, lakini haiwezi peke yake kuchimba uwanja wala kuteua mwalimu wa michezo. Mtoto aliyetolewa kibandani asipokuwa na pa kwenda, atakaa barazani.

Gemu zilizokuwapo

Ni rahisi kusahau kuwa watoto wa Tanzania walikuwa na gemu zao za kuchezesha mwili. Rede humfanya mtoto akimbie, ainame na kukwepa mpira unaorushwa kutoka pande mbili. Kombolela inataka mbio na ujanja, kuruka kamba kunataka pumzi, na chandimu haina haja ya kuelezwa. Hakuna kati ya michezo hiyo unaohitaji umeme. Yote inahitaji kitu kimoja ambacho thamani yake Dodoma inapanda kila mwaka, yaani ardhi iliyo wazi.

Ikumbukwe kwamba mpango mkuu wa kwanza wa makao makuu, uliotayarishwa mwaka 1976 na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, uliitazama Dodoma kama mji wa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na mabasi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), iliyosimamia ardhi ya mji tangu mwaka 1973, ilivunjwa Mei 2017 na majukumu yake kukabidhiwa halmashauri. Hivyo dhamana ya kulinda maeneo ya wazi sasa iko mikononi mwa Halmashauri ya Jiji, ambayo madiwani wake huchaguliwa na wazazi hao hao.

Shuleni nako kuna la kutazamwa. Michezo imekuwa na nafasi katika mtaala, kwanza kupitia somo la Haiba na Michezo na sasa katika mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024. Lakini kwa miaka yote mtihani wa darasa la saba umekuwa ukipima Hisabati, Kiswahili na masomo mengine ya darasani, na somo lisilotahiniwa ndilo linaloazimwa kipindi chake mtihani unapokaribia. Mashindano ya UMITASHUMTA huibua vipaji, ila mtoto asiye na kipaji naye ana moyo na mapafu.

Nafasi yake halisi

Haya yote hayamaanishi kuwa gemu hizi hazina kazi. Zinaweza kumfaa mtoto mwenye ulemavu ambaye uwanja wa kawaida unamtenga, au msichana ambaye wazazi wake hawamruhusu kutoka jioni. Zinaweza pia kufaa zikiwa mali ya shule au kituo cha vijana, zikichezwa kwa zamu, kwa ratiba na mbele ya msimamizi, badala ya kuachwa sebuleni zizoeleke na kusahaulika.

Lakini mtu yeyote atakayefika shuleni au kwenye halmashauri na pendekezo la kuzinunua aulizwe maswali mawili. La kwanza: fedha hizo zingenunua mipira na kamba ngapi, na zingesafisha viwanja vingapi? La pili: wiki ya saba, shamrashamra zikiisha, ni watoto wangapi watakuwa bado wanaruka?

Majibu ya swali la pili yamekwisha kutolewa na watoto wa nchi nyingine, kwa gharama za nchi nyingine. Dodoma bado ina nafasi ya kujifunza bila kulipa, mradi viwanja ambavyo rede na chandimu vinahitaji visiwe vimekwisha kugawiwa.