AFYA YETU: Meno ya Kahawia Si Jambo la Ukoo



Nenda soko la Tengeru siku ya gulio. Watu wanauza ndizi, maharage na nyanya. Wanasalimiana na kucheka. Sasa watazame meno. Wengi wana meno ya rangi ya kahawia. Wengine meno yao yana madoa meupe kama chokaa. Wako ambao meno yamemeguka. Wako pia wanaofunika mdomo kwa mkono wanapocheka, kwa sababu wanaona haya.

Ukimwuliza mtu sababu, utasikia majibu mengi. Mmoja atasema, "Ni ukoo wetu." Mwingine atasema, "Hawa hawapigi mswaki." Mwingine atasema ni alama ya watu wa Arusha.

Majibu yote hayo si sahihi. Meno haya yameharibiwa na kitu kinachoingia mwilini kwa maji na chakula. Kitu hicho kinaitwa floraidi. Mwezi huu tutaeleza floraidi inatoka wapi, inaingiaje katika chungu chako, na unawezaje kumkinga mtoto wako.

FLORAIDI INATOKA WAPI?

Mlima Meru ni mlima wa volkano. Zamani ulitoa moto, majivu na mawe yaliyoyeyuka. Mara ya mwisho kulipuka ilikuwa mwaka 1910. Mawe na majivu hayo yana floraidi nyingi. Maji ya mvua yanapopita ndani ya ardhi, huyeyusha floraidi na kuibeba. Kisha hutokea katika chemchemi, mito na visima.

Kwa hiyo maji ya sehemu nyingi kuzunguka mlima yana floraidi nyingi mno. Mto Maji ya Chai na Mto Ngarenanyuki imepimwa mara nyingi, na imeonekana kuzidi kiwango kwa mbali. Maziwa ya Momella yana floraidi nyingi zaidi ya mito hiyo. Lakini chemchemi za juu mlimani mara nyingi zina floraidi kidogo kuliko visima vya chini.

Floraidi haina rangi. Haina harufu. Ulimi hauitambui. Maji yanaweza kuwa meupe na baridi, na bado yakawa mabaya. Chemchemi mbili zilizo karibu zinaweza kutofautiana sana. Njia ya kujua ni moja tu, nayo ni kupima.

Floraidi hupimwa kwa miligramu katika lita moja ya maji. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Kiwango cha Tanzania sasa ni hicho hicho. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1974 Serikali iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Sababu ni kwamba vijiji vingi havikuwa na maji mengine. Kama visima hivyo vingefungwa, watu wangekunywa nini?

Tukumbuke kwamba floraidi kidogo si mbaya. Husaidia meno yasioze. Ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Ubaya wake ni kuzidi.

JINO HUHARIBIKA KABLA YA KUOTA

Hapa ndugu msomaji sikiliza vizuri. Jino la ukubwani huanza kutengenezwa ndani ya ufizi mtoto akiwa bado mchanga. Linakua humo kwa miaka kadhaa. Wakati huo, mtoto akipata floraidi nyingi, jino linatengenezwa vibaya. Likitokeza nje, tayari lina kasoro. Mswaki hauwezi kuliponya.

Kwa hiyo miaka ya hatari kwa meno ni tangu kuzaliwa mpaka kama miaka 8. Miaka ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi kwa meno ya mbele. Meno ya baba na mama hayawezi kurudi kuwa meupe. Lakini mtoto aliye mgongoni sasa, meno yake bado yanatengenezwa. Huyo bado tunaweza kumwokoa.

Floraidi haiishii katika meno. Ikizidi sana kwa miaka mingi hujijenga katika mifupa. Watoto wengine miguu yao hupinda. Watu wazima huumwa viungo, na mgongo hukakamaa. Mtu wa namna hii hawezi kuinama kulima wala kubeba mzigo.

Mambo haya yamejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1964 madaktari Grech na Latham walichapisha utafiti wao juu ya ugonjwa huu kaskazini mwa Tanganyika. Tangu hapo watafiti wengi wamefika Arusha, wamepima maji na kutazama meno ya watoto. Mwezi Oktoba 1995 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Ngurdoto kujadili jinsi ya kuondoa floraidi katika maji.

KUCHEMSHA HAKUONDOI FLORAIDI

Tumefundishwa kuchemsha maji ya kunywa. Hilo ni jambo jema, tuendelee nalo, maana moto huua vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Lakini floraidi si kijidudu. Haifi. Kuchuja kwa kitambaa hakuiondoi. Dawa ya kutibu maji nayo haiiondoi.

Tufanye hesabu. Umeweka lita 4 za maji katika sufuria. Kila lita ina miligramu 3 za floraidi. Jumla ni miligramu 12. Ukiyachemsha mpaka zikabaki lita 3, mvuke umeondoka na maji tu. Floraidi imebaki yote 12. Sasa kila lita ina miligramu 4. Imeongezeka!

MAGADI KATIKA CHUNGU

Watu wengi huku kwetu hupika makande, maharage na kiburu kwa magadi. Magadi hulainisha chakula upesi, na kuni hupungua. Mama anayetumia magadi si mjinga. Ana sababu yake.

Lakini watafiti wamepima magadi ya sokoni Arusha na Kilimanjaro. Wamekuta floraidi ndani yake. Mengine yana mamia ya miligramu katika kilo moja. Mengine yana elfu kadhaa. Watafiti walipowatazama watoto, waliona kwamba maji peke yake hayaelezi kila kitu. Hata pale ambapo maji yana floraidi kidogo, watoto wa nyumba zinazopikia magadi wamekutwa na meno ya kahawia.

Tufanye hesabu ya chungu kimoja cha makande. Kimetumia lita 5 za maji yenye miligramu 3 kila lita. Hizo ni miligramu 15. Umetia gramu 5 za magadi yenye miligramu 1,000 katika kilo. Hizo ni miligramu 5. Jumla 20. Mvuke umetoka, chakula kimeiva, lakini miligramu 20 zote zimebaki chunguni. Ni sawa na kunywa zaidi ya lita 13 za maji yaliyo katika kiwango. Na watoto ndio wanaokula humo kila siku.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama tu mpaka miezi 6. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama mama anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Hii ni kinga kubwa, na haina gharama.

Pili, maji mazuri yawe ya watoto kwanza. Huenda huwezi kupata maji mazuri ya kuoga, kufua na kunyweshea ng'ombe. Si lazima. Tenga debe moja kwa ajili ya maji ya kunywa ya watoto, uji wao na chakula chao. Mtoto mdogo akitumia lita 3 kwa siku, debe la lita 20 litamtosha zaidi ya siku 6.

Tatu, kinga maji ya mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Bati lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5 ni mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu yake, hupatikana lita 600. Tuseme 100 zimepotea. Zinabaki 500. Kwa lita 3 kwa siku, zinamtosha mtoto mmoja zaidi ya miezi 5. Acha mvua ya kwanza ioshe bati. Funika pipa au tanki. Chemsha maji kabla ya kunywa ili kuua vijidudu.

Nne, acha magadi katika chakula cha watoto. Loweka maharage na mahindi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, upike kwa maji mengine. Funika chungu. Chagua maharage ya msimu huu, kwa sababu maharage ya zamani huwa magumu. Kuni zitaongezeka kidogo, hatukudanganyi. Kama huwezi kuacha mara moja, anza kwa kuchota chakula cha watoto kilichopikwa bila magadi.

Tano, mpe mtoto maziwa kama yapo nyumbani. Maziwa hupunguza floraidi inayoingia mwilini. Na akipiga mswaki, mpe dawa ya meno kidogo tu, atemee nje, asiimeze.

Sita, uliza juu ya chujio. Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti pale Ngurdoto. Huko wataalamu huchoma mifupa ya ng'ombe katika tanuri, huisaga, na kuiweka katika ndoo. Maji yakipita, floraidi hunasa katika mkaa huo wa mifupa. Usijaribu kuchoma mifupa jikoni mwako. Ikichomwa vibaya, maji hunuka. Tena mkaa huchoka, lazima ubadilishwe kwa wakati. Mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha, alipata tuzo ya Afrika ya uhandisi kwa chujio la maji alilobuni.

Saba, dai maji yapimwe. Katika mkutano wa kijiji, mwulize mwenyekiti: "Maji ya bomba letu yamepimwa floraidi? Yana miligramu ngapi?" Wakala wa Maji Vijijini, yaani RUWASA, na maabara ya maji ndio wenye kazi hiyo. Namba hiyo ni haki yenu. Ikipatikana, iandikwe mahali ambapo kila mtu ataisoma. Wewe sasa unajua kusoma. Isome, na umsomee jirani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini meno ya mtoto huharibika kabla ya kuota?
2. Kuchemsha maji kunaondoa nini? Kunaacha nini?
3. Ni nyumba ngapi kijijini mwenu zina bati lakini hazina tanki wala pipa la mvua? Je, mnaweza kusaidiana kuweka mifereji ya bati?
4. Nani atauliza habari ya kupima maji katika mkutano ujao?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya mahindi yenye ukungu, na sumukuvu isiyoonekana kwa macho. Kabla ya hapo, loweka maharage usiku huu.