Jokofu Linapopoa Kupita Kiasi

Jokofu lisilopoa hulalamikiwa mara moja. Lile linalogandisha huvumiliwa, na hapo ndipo hasara inapoingia. Maziwa yaliyoganda huyeyushwa yakanyweka. Bali insulini ya mgonjwa wa sukari ikiisha kuganda imeharibika, hata kama baada ya kuyeyuka yaonekana safi. Mgonjwa asidungwe hiyo, sharti itupwe. Yapaswa kukaa baina ya digrii 2 na 8 za Sentigredi.

Basi mwenye nyumba na atie kipimajoto ndani ya gilasi ya maji, aiache katikati ya jokofu usiku kucha. Asubuhi kikionyesha chini ya digrii 2, na akitazame kidude cha kuzungushia baridi. Pengine sufuria imekisukuma mpaka namba ya juu, na wengi hukosea hapa: namba ya juu huzidisha baridi, haiipunguzi. Akirudishe chini, angoje siku nzima. Chupa zisiguse ukuta wa nyuma, maana ndiko kunakoganda kwanza.

Mota isipopumzika kamwe, ilhali namba ni ya chini kabisa na mpira wa mlango ni mzima, yamkini thamostati imekufa. Na achomoe waya, amwite fundi. Insulini ihifadhiwe kwa jirani.