Ini, Oksaleti na Deni la Wanakiswahili

Kiswahili kimelipa ini hadhi kubwa. Mtu aliyeumizwa moyo husemwa kuwa amekatwa maini. Jambo likiharibika husemwa kuwa limetumbukia nyongo, na nyongo hutengenezwa na ini. Ajabu ni kwamba lugha yenye utajiri huu bado haijatumiwa ipasavyo kumweleza msemaji wake kazi halisi ya kiungo hicho. Makala haya yanashikilia kuwa upungufu huo si wa lugha bali ni wa wasomi wake.

Chukua mfano wa Ishiara, katika Kaunti ya Embu. Huko ni nyanda za joto na ukame. Atokwaye na jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha hupata mkojo mzito, na mkojo mzito huzaa mawe ya figo kwa urahisi. Mwenye mawe hayo aghalabu huonywa dhidi ya terere na spinachi kwa kuwa mboga hizo zina oksaleti nyingi. Onyo hilo ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Sehemu kubwa ya oksaleti ipitayo katika figo haitoki sahanini. Mwili wenyewe huitengeneza, hasa ndani ya ini.

Ini huzalisha kemikali iitwayo glioksileti. Katika ini lenye afya, kimeng'enya kiitwacho AGXT huigeuza kuwa glaisini, ambayo haina madhara. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha seli za ini za panya na za binadamu, ulionyesha kwamba ini likijaa mafuta, jeni ya kimeng'enya hicho hufifishwa. Glioksileti isiyogeuzwa huishia kuwa oksaleti. Mwili wa binadamu hauwezi kuivunja oksaleti. Hauna budi kuitoa kupitia figo, na huko ikikutana na kalsiamu huweza kuganda na kuwa mawe. Si kila mwenye ini la mafuta atapata mawe, lakini hatari ipo.

Je, maelezo haya yana faida gani sokoni? Yana faida kubwa. Aliyepewa nusu ya kwanza pekee ataacha terere, mboga rahisi yenye lishe, ilhali angeweza kuichemsha, akamwaga maji yake na kuila pamoja na maziwa, kwani kalsiamu huinasa oksaleti tumboni. Wakati huo huo ataendelea na soda na vyakula vya mafuta, ambavyo ndivyo vinavyolinenepesha ini. Atakuwa ameziba dirisha na kuuacha mlango wazi.

Kuna pia suala la jina. Ugonjwa wa ini ukitajwa, wengi hudhani mgonjwa ni mlevi. Mwaka 2023 wataalamu wa kimataifa waliubadilisha jina la Kiingereza la maradhi haya, wakiona kuwa maneno ya unene na ulevi yaliyokuwamo yaliwadhalilisha wagonjwa. Wanakiswahili nao wanapaswa kujiuliza: je, 'ini la mafuta' linaeleza, au linalaumu?

Yamkini atatokea wa kusema kwamba istilahi hazipo. Hoja hiyo ni dhaifu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, na aya zilizotangulia hazikukwama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na katiba iyo hiyo inampa kila mtu haki ya afya. Haki isiyoelezwa kwa lugha inayoeleweka hubaki karatasini.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa Kiswahili asitosheke na kuorodhesha istilahi katika tasnifu. Akae na tabibu, aandike maelezo kamili, kisha ayapeleke kwa muuza ndengu wa Ishiara ayasome. Akiyaelewa, istilahi zimefaulu. Asipoyaelewa, kazi irudiwe. Mficha maradhi kilio humfichua. Na maradhi yasiyoelezwa hayana tofauti na yaliyofichwa.