Thailand: Dola inayochapisha karata na kuwakamata wachezaji

SERIKALI nyingi duniani huridhika kutoza ushuru michezo ya kubahatisha. Ile ya Thailand imekwenda mbali zaidi: inachapisha karata yenyewe. Idara ya Ushuru wa Bidhaa, iliyo chini ya Wizara ya Fedha, ina kiwanda ambacho kwa miongo mingi kimetengeneza karata za Kizungu, za Kithai na za Kichina. Ilhali katika nchi iyo hiyo, raia anayezitumia kuwekeana dau na majirani zake bila leseni anaweza kuishia korokoroni.

Kinaya hiki kina mizizi mirefu. Mnamo 1835, enzi za Mfalme Rama wa Tatu, Siam ilianzisha bahati nasibu ya Kichina ili kuijaza hazina. Nyumba za kamari nazo ziliendeshwa na wafanyabiashara waliokodi haki hiyo kutoka kwa dola. Mapato yalikuwa manono, lakini madeni na umaskini vilienea miongoni mwa raia. Bahati nasibu hiyo ilifutwa 1916, na mwaka uliofuata nyumba za mwisho za kamari zikafungwa.

Hata hivyo, watu hawakuacha kucheza. Sheria ya kamari ya 1935 iliigawa michezo katika makundi mawili: ile iliyopigwa marufuku isipokuwa kwa amri maalumu, na ile inayoweza kuruhusiwa kwa leseni. Karata zikabaki chini ya jicho la watoza ushuru.

Mantiki yake si ngumu kuelewa. Karata ni vipande vya karatasi ngumu ambavyo yeyote mwenye mtambo anaweza kuvichapisha. Uingereza, kwa mfano, ilitoza ushuru wa karata hadi 1960, na kwa muda mrefu muhuri wa ushuru huo ulipigwa kwenye ree ya shupaza. Thailand ilichagua njia ya mkato: anayehodhi uchapishaji hahitaji kumfukuza mkwepaji.

Karata za jadi zinazotoka kiwandani humo si zile za kopa, uru, shupaza na pau tulizozoea, ambazo majina yake Waswahili waliyapata kwa Wareno. Karata za Kithai, ziitwazo phai tong, ni ndefu na nyembamba, na asili yake ni Uchina. Alama zake ni za fedha: sarafu, vigwe vya sarafu, na makumi elfu. Kuna michoro 30, na kila mmoja hurudiwa mara nne, hivyo seti huwa na karata 120. Zile za Kichina za rangi nne huwa 112, na hubeba majina ya vipande vya sataranji ya Kichina: jemadari, mshauri, ndovu, gari, farasi, mzinga na askari.

Idadi hiyo ya 120 ilikuja kuzua kioja kilichotangazwa kote duniani. Februari 3, 2016, maafisa wa usalama walivamia klabu ya mchezo wa bridge mjini Pattaya na kuwatia mbaroni wageni 32, wengi wao wazee waliostaafu. Miongoni mwao alikuwamo ajuza Mholanzi wa miaka 84. Hapakupatikana pesa za dau. Lakini sheria ilikataza mtu kuwa na karata zaidi ya 120 bila idhini ya Idara ya Ushuru. Pakiti mbili za Kizungu ni karata 104. Ya tatu humfanya mwenye nazo mhalifu. Wazee hao walizuiliwa kwa saa nyingi kabla ya kuachiliwa kwa dhamana ya baht 5,000 kila mmoja.

Mwaka 2017 sheria za pombe, tumbaku na karata ziliunganishwa katika sheria moja ya ushuru. Swali la msingi, hata hivyo, halikujibiwa: je, karata ni bidhaa ya kutozwa ushuru au ni chombo cha uhalifu?

Serikali ya Waziri Mkuu Paetongtarn Shinawatra ilijaribu kulijibu Machi 2025, baraza la mawaziri lilipoidhinisha mswada wa kuhalalisha kasino ndani ya vituo vikubwa vya burudani. Hoja yake ilikuwa kwamba Wathai walikuwa tayari wanacheza, ama mafichoni ama ng'ambo ya mpaka mjini Poipet, Kambodia. Rasimu ilipendekeza Mthai alipe kiingilio cha baht 5,000, kiasi kile kile cha dhamana ya wazee wa Pattaya. Upinzani ulikuwa mkali, na Julai mwaka huo mswada ukaondolewa bungeni.

Kwa hivyo hali imesalia ilivyokuwa. Bahati nasibu ya serikali huchezeshwa mara mbili kwa mwezi na tikiti huuzwa hadharani, huku wanakijiji wanaocheza karata kwa vijisenti wakikodolea macho mlango.

Hapa ndipo penye madhara halisi. Sheria inayoharamisha jambo linalofanywa na wengi haiwezi kumkamata kila mtu. Humkamata yule ambaye afisa ameamua kumkamata. Mwenye pesa huvuka mpaka au hununua kimya. Maskini hulipa faini.

Thailand inaweza kuchagua kupiga kamari marufuku kwa dhati, au kuiruhusu na kuidhibiti. Kuvuna ushuru kwa mkono mmoja na kushika pingu kwa mwingine si sera. Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka, na kinachoiponyoka dola hapa ni imani ya raia kwamba sheria ni moja kwa wote.